Mkono wa Kulia wa Sweta Lako

Ngumbo, Jumatano asubuhi

Mzee Absalomu,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana ndivyo ulivyoniacha: kila kitu nijiulize, kila kitu nijijibu.

Ni mimi, Benigna, yule Mmatengo wako. Nimekaa nyuma ya jiko lako, kwenye kile kiti ulichokisifia miaka yote kwamba umekitengeneza kwa mikono yako. Sasa naelewa kwa nini hukuwahi kukileta kwetu Matiri, huko milimani, tukakiona. Kina miguu minne, lakini inayofika chini ni mitatu. Kila nikimaliza mstari naegemea kushoto. Mkeo, Mama Edna, ananichungulia mlangoni na kucheka. Anasema hata wewe hukuwa unakikalia, ulikuwa unakisifia ukiwa umesimama.

Jambo la kwanza, na kama umelala huko uliko, amka. Leo ni katikati ya msimu. Tangi la tatu lilijazwa Jumatatu saa kumi jioni. Kwa baridi ya wiki hii, hesabu yangu inasema kahawa ile itakuwa tayari kuoshwa leo, kati ya saa nne na saa sita. Na mimi sipo kituoni kwetu kunakooshwa kahawa. Niko kwako ziwani, mwendo wa bodaboda moja na magari mawili, nimekula samaki asubuhi asubuhi kama mtu asiye na kazi. Mimi, ambaye msimu wa kwanza baada yako sikwenda hata kwenye komunio ya mtoto wa dada yangu kwa sababu nilikuwa nalinda matangi!

Simu nimeiweka dirishani, mahali pekee hapa penye mtandao. Kila baada ya mistari miwili nainuka kuitazama. Nakuambia ukweli, moyo haujatulia. Lakini nimekuja, na nimewaachia wenzangu funguo zote saba za kituo.

Sasa tuanze ugomvi. Nimeubeba tangu mwanzoni mwa msimu huu na sikupanda magari mawili kuja kuurudisha nyumbani.

Unakumbuka ulinikuta wapi? Shambani, mteremkoni, mwaka ule baba watoto alipoenda zake. Wewe, mtu wa ziwani uliyekuja kuwa meneja wa kituo, ulikuwa mgeni na mambo yetu ya ngolo. Ulikuwa unasimama njiani kutazama watu wanavyolima mashimo yale yaliyopangana kama vyumba vya sega la nyuki. Ulishaelezwa kwamba wanaume ndio wanaofyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, halafu wanawake wanafuata na majembe kuzifukia kwa udongo. Mimi sikuwa na wa kunilazia nyasi. Ndugu walisema watakuja Jumamosi, nikasema sihitaji. Nilifyeka, nikalaza, nikarudi nyuma nikafukia. Miraba mia mbili na kumi, mikono yangu miwili. Ukapita na baiskeli yako, ukashuka, ukaangalia weee, ukasema, "Mmatengo, mbona mashimo yako yamelewa?"

Sikucheka. Nilikujibu kwamba mla dagaa hawezi kunifundisha ngolo. Kesho yake ukatuma mtu aniite kituoni, ukanipa kazi ya mzani.

Misimu tisa, Mzee. Nilikuja na darasa la saba na jembe. Namba ndizo zilizonipandisha. Nilijua mzigo wa kila mkulima kabla haujatua, nikikosea ni kilo moja au mbili. Msimu huohuo wa kwanza ukanifanya msaidizi wako, na mzani nikabaki nao. Na kutoka siku hiyo, kila asubuhi ya msimu, wimbo ukawa mmoja.

"Mmatengo, njoo uniangalizie tangi. Mimi mtu wa samaki nitajuaje mambo haya?"

Naja. Natumbukiza mkono kwenye kahawa iliyolazwa baada ya kumenywa, nachota kiganja, nasugua. Ikiteleza kama samaki, ute bado haujaachia, inaachwa. Ikikwaruza kama changarawe, tayari. Nakuambia tayari. Unaniuliza, "Una uhakika?" Nasema ninao. "Basi waambie kina mama waoshe."

Halafu unarudi zako ofisini na sweta lako la kijani na kofia yako ya sufu, unatetemeka, unanung'unika kwamba Mungu aliumba Matiri siku aliyokuwa na hasira na watu wa ziwani.

Na mimi ninabaki nimefura. Acha nikiri leo, maana huwezi kunikata mshahara. Nilikuwa nasema, huyu mzee anafanya nini hapa? Mkono ni wangu, hesabu ni zangu, cheo ni chake. Siku moja nilimwambia Otmar, fundi wetu wa mashine, "Yule bila mimi ni kofia tu." Otmar akacheka sana. Nilidhani anacheka kwa sababu tumekubaliana.

Ukaenda likizo kipindi cha mvua, ukasema utarudi kahawa ya kwanza ikianza kuwa nyekundu. Kahawa ikawa nyekundu. Wewe hukurudi. Tulishuka watu thelathini na wanne kwenye lori la kikundi chetu cha wakulima kuja kukuzika, na njia nzima hakuna aliyetania. Wiki iliyofuata kikundi kikanikabidhi funguo, zote saba kwenye pete moja. Nikaapa kimoyomoyo: mimi sitakuwa kofia. Mimi sitamwomba mtu aniangalizie kitu.

Na sikumwomba. Nilifungua stoo mwenyewe, nikapima mwenyewe, nikawasha mashine mwenyewe huku Otmar amesimama pembeni na spana yake kama mgeni aliyekosa kiti. Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku tatu mjini Mbinga, wakatufundisha kwamba kahawa ikae kwenye tangi saa thelathini na sita. Namba! Nilifurahi kama niliyeokota lulu. Nikanunua rangi nyeusi, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SAA 36. USIGUSE TANGI BILA RUHUSA YA MENEJA.

Meneja mwenyewe hakugusa pia. Ya nini, wakati kuna saa? Mkono uliosugua kahawa misimu tisa nikauvalisha saa, basi.

Ile semina, Mzee, walituambia na jambo jingine, ila mimi niliandika namba nikaacha maneno: kwamba penye baridi ziongezwe. Na Julai ile ukungu ulilala Matiri mpaka saa tano mchana. Baada ya saa thelathini na sita kahawa ilikuwa bado inateleza. Nikaamuru ioshwe. Ikaoshwa. Matangi manne mfululizo. Kwenye vichanja punje zikagandana, zikaanza kunuka kama togwa ya wiki iliyopita, na waonjaji waliporudisha majibu walisema kahawa yetu ina ladha ya gunia.

Nikawakusanya kina mama wanaoosha. Kumi na mmoja. Nikawauliza nani kati yao alihisi utelezi alipokuwa anaosha. Halafu mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, mpaka ikafika kumi na moja. Wote walijua! Walikuwa wamesimama kwenye maji baridi wanaosha kahawa yenye ute, na wanaimba.

"Sasa mbona hamkusema?"

Mama Rustika, unamjua asivyoogopa mtu, akajifuta mikono kwenye kanga akasema, "Meneja, ubao ulisema tusiguse. Sisi tukaona hata kusema ni kugusa."

Mkutano wa kikundi ulikuwa mkali. Bwana Kandidus alisimama na ile fimbo yake, akasema kama mambo ni haya kila mtu arudi kumenyea kahawa nyumbani kwake kwa mashine ya mkono, kama zamani, na kituo kifungwe. Watu wakapiga makofi. Mzee, walipiga makofi. Kituo ulichokijenga tofali kwa tofali. Nilisimama nikaomba msimu mmoja. Nikasema ukiharibika na huu, funguo nitazitoa mwenyewe na mlango wafunge wao. Wakanipa, kwa kura tatu za ziada.

Kwa hiyo msimu huu ndio huo. Ndiyo maana moyo haujatulia.

Nimeinuka. Dirishani hakuna kitu. Saa tatu na nusu.

Wiki za kwanza za msimu huu ungecheka mpaka kofia ianguke. Nilifuta ubao, nikageuka kabisa upande wa pili. Nikawa nauliza kila mtu kila kitu. Tuwashe mashine sasa au tusubiri? Wenye mawazo? Mifuko ipangwe huku au kule? Kina mama kumi na mmoja walijadili tangi la kwanza mpaka jua likatoka, sita wanasema tayari, watano wanasema bado, na mmoja wa wale sita akahamia upande wa pili kwa sababu shemeji yake alikuwa huko. Otmar akaniambia kwa heshima zote kwamba haiwashi mashine mpaka nimpe muhtasari wa kikao. Mama Rustika akasema, "Meneja, mwaka jana ulitufunga midomo, mwaka huu unatuchosha midomo. Wewe mwenyewe unaonaje?" Sikuwa nimegusa tangi.

Asubuhi iliyofuata nilifika kituoni nimeganda. Sweta lako bado lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitoa. Nikalivaa. Samahani, sikuomba ruhusa. Nikaona mkono wa kulia unanizidi, unafunika vidole, wa kushoto unaishia kwenye kifundo. Nikadhani nimevaa vibaya. Nikalivua, nikalitandaza mezani, nikachukua rula. Unanijua.

Mkono wa kushoto: sentimita hamsini na nane. Wa kulia: sentimita sitini na tano.

Sentimita saba! Na ule wa kulia umekakamaa na kuwa kahawia kuanzia mwisho wake mpaka kwenye kiwiko, kama kitu kilicholowekwa kwenye maji ya kahawa kikakaushwa, kikalowekwa tena, miaka.

Nikaketi.

Nikakumbuka nilivyokuwa nakutania. Kila asubuhi uliponiita mkono huo ulikuwa umelowa chapachapa, nami nikakwambia, "Mzee, wewe unanawa uso kama bata." Nawe ukacheka, ukasema watu wa ziwani hawanawi kwa kunyunyiza. Mtu anayeogopa baridi kama wewe! Mtu anayevaa masweta mawili mwezi wa sita! Uliingiza mkono kwenye tangi la Matiri alfajiri, ukasugua, ukajua. Ndipo ukaja kuniita. "Mimi mtu wa samaki nitajuaje?"

Misimu tisa ulijua. Misimu tisa mimi nimefura.

Nilikasirika, Mzee. Nilimfuata Otmar kwenye mashine nikamweleza kama ninayeshitaki wizi. Akaacha kufunga nati, akanitazama kwa huruma. "Kwani hukujua? Mimi alikuwa ananiuliza kila siku, Otmar, mashine inasemaje leo? Na grisi iko kwenye kucha zake, ameshaikagua mwenyewe. Na mimi nilidhani bila mimi yeye ni kofia tu." Ndicho alichokuwa anakicheka siku ile, mjinga huyo. Alidhani namwibia sentensi yake.

Ugomvi wangu ni huu, na nataka uusikie vizuri. Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu kabla ya likizo. "Benigna, gusa kwanza, halafu uulize." Ungeokoa matangi manne. Ungeniokoa na makofi yale.

Basi. Nimeyasema.

Tangu siku ya rula nafanya hivi. Nafika wa kwanza, nakunja kanga, natumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nasugua, nasikiliza, najua ninachokijua. Halafu nangoja kina mama wafike, nasema, "Mama Rustika, hebu niangalizie hili tangi." Mwanzoni niliona kama naigiza, na kuigiza sikupendi. Lakini wiki ya tatu mkono wangu ulisema tayari, na Mama Rustika akasugua akasema, "Bado." Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema anao, katikati ya tangi bado kunateleza, wewe meneja umechota pembeni. Tukangoja kwa muda wa saa tatu. Alikuwa sahihi. Hapo nikajiuliza, Mzee: na wewe ni asubuhi ngapi mkono wako ulisema hivi na wangu ukasema vile, ukameza lako ukafuata langu, na sikuwahi kujua?

Majibu ya waonjaji ya mwezi huu yalikuja Ijumaa. Sikuyafungua peke yangu. Nilimpa Otmar asome, na akasoma kwa sauti ya padri: kahawa safi, tamu, haina kasoro, daraja la juu. Kina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Bwana Kandidus akaja na mkungu wa ndizi, akasema yeye tangu zamani aliamini kituo. Nilimwambia ahsante sana mzee wangu, na ile fimbo umeiacha wapi? Akacheka mwenyewe. Msimu haujaisha, lakini tangi la tatu likienda vizuri, hakuna atakayethubutu kutaja mashine za mkono.

Na ndipo nikasema, basi hili tangi waoshe bila mimi. Kama wataweza tu nikiwepo, basi bado ni kituo cha mtu mmoja, na cha mtu mmoja nimeshakiona kinavyokuwa.

Sasa ngoja nikuambie la jana, maana hili limenimaliza kabisa.

Nilikuja na sweta lako nimrudishie Mama Edna. Jioni tumekaa na ugali wa muhogo na usipa, wale dagaa wenu, nikamweleza habari ya sentimita saba, nikitegemea atashangaa. Akacheka tu. Akasema, "Ya tangi alijua, ndiyo. Ya mzani je, alikuambia?" Nikasema ya mzani ipi? Akasema, "Macho yake. Miaka sita ya mwisho alikuwa haoni namba. Nikimwambia acha kazi, anasema macho anayo, yako Matiri, yanaitwa Benigna."

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Soma kwa sauti, Mmatengo, watu wasikie." Kila mzigo. Nilidhani ni kwa ajili ya wakulima, waone hatuwaibii. Kumbe ilikuwa na kwa ajili yako. Miaka sita ningeweza kusema namba yoyote. Usingejua. Ungeweka sahihi yako pale nilipokuonyesha kwa kidole. Kwenye tangi ulijua ukajifanya hujui, na kwenye mzani hukujua ukajifanya unajua, na mimi nikakutukana kwa lile la kwanza wakati lile la pili ndilo

Samahani. Karatasi imelowa kidogo. Nimeegemea kushoto, ni kiti chako.

Ugomvi nauondoa. Sio wote, sehemu kubwa. Ningekadiria tisini kwa mia. Kumi nabaki nao kwa sababu ya yale matangi manne.

Mzee! Simu imelia.

Saa nne na dakika ishirini. Niliikimbilia mpaka kiti chako kikaanguka. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimeshapanga maneno: wakiniuliza kama ni tayari, nitawaambia wachote katikati, sio pembeni, wasugue wasikilize. Ni ujumbe wa Mama Rustika, ameuandika kwa simu ya Otmar. Naunakili ulivyo:

"Tangi la tatu tumeosha. Inakwaruza kama mchanga wa huko ziwani ulikoenda. Tumegusa wote katikati na pembeni. Usipige simu tuna kazi. Kula samaki."

Saa arobaini na mbili na dakika ishirini. Ndani ya hesabu yangu! Na hawakuniuliza. Nikasoma mara ya pili, labda swali limejificha mahali. Hakuna swali. Kwanza kitu kikanichoma hapa kifuani, kidogo, kama mtu aliyefika kwenye shughuli akakuta wameshakula. Halafu nikaanza kucheka. Nimecheka mpaka Mama Edna ametoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, nami siwezi kusema, namwonyesha simu tu. Amesoma. Amesema, "Sasa umefanana naye."

Sweta amekataa kulipokea. "Huku joto, nitalivaa wapi? Rudi nalo likamalizie kulowa." Kwa hiyo narudi nalo kesho.

Nakwenda sasa kufagia kaburi lako na kukusomea barua hii kwa sauti, watu wasikie, na wewe usihangaike na macho. Kila namba iliyomo humu ni ya kweli, kama zile zote za mzanini.

Naahidi jambo moja. Msimu ukiisha nitashuka tena na paketi ya kahawa ya tangi la tatu, ile ambayo mkono wangu haukuigusa. Najua hukuwahi kunywa kahawa maisha yako yote, ulikuwa unasema hicho ni kinywaji cha wanunuzi, wewe upewe chai. Hii utainywa. Nitakumiminia kikombe kizima hapo ulipo, na usiniulize kama nina uhakika ni nzuri. Mimi sijui. Kamuulize Mama Rustika.

Lala kwenye joto lako, mla dagaa.

Ni mimi, macho yako ya Matiri,

Benigna